Kiungo cha Chiromo

Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa nakunja ovaroli, kijana mmoja wa karakana, huyu Mutiso asiyechoka kuuliza, alinijia akasema, "Mzee Zakayo, hizi kebo za zamani zilizovikwa risasi, mlikuwa mnaziunga vipi na gundi hamkuwa nayo?" Wenzake wakacheka. Mmoja akasema zamani kumbe simu zilipigwa kwa bunduki. Nikamwambia Mutiso nitamwandikia. Shule mimi niliishia darasa la nne, Maragoli, kwa hivyo asiyetaka Kiswahili cha mgongo uliobeba sururu aache kusoma hapa. Habari za vyeo hamtazikuta. Nitaandika ambayo mkono unayakumbuka, na majina nitayataja. Watu husema marehemu wasemwe vizuri. Mimi nasema wasemwe sawasawa.

Nilikuja Nairobi miaka ya hamsini, nina mke nyumbani na baiskeli ya kuazima. Nililala kwa mjomba wangu Uthiru, na kila alfajiri nikateremka na barabara ya Kabete hadi mjini. Ilikuwa Hali ya Hatari, askari wako kila kona, na kipande, kile kitambulisho cha Mwafrika, ulikishika mkononi kama mtu anayetoa sadaka. Kazi niliyoipata ilikuwa kuchimba mitaro ya simu kuelekea Kileleshwa. Hii Kileleshwa yenu ya magorofa haikuwapo. Zilikuwa nyumba za maofisa wa serikali, kila moja na bustani yake na mbwa wake, na mbwa alijua rangi ya mtu kuliko bwana wake. Kila nyumba mpya ilitaka simu. Sisi tukachimba.

Siku moja walikata ncha ya kebo mpya mbele yetu. Mimi nilidhani ndani mtakuwa na waya mmoja mnene kama mkono. Kumbe ndani ya ganda lile la risasi, madini laini ya kijivu, mlikuwa na mamia ya nyaya, nyembamba kama sindano ya kushonea, kila mmoja umeviringwa karatasi. Karatasi kabisa, kama ya kufungia sukari. Nikauliza kwa sauti, "Sasa sauti inapita wapi? Ndani ya waya au kati ya karatasi?"

Genge lote likacheka. Nyapara akaniambia nichimbe. Lakini kutoka ndani ya shimo sauti ikasema, "Nani huyo aliyeuliza? Mlete hapa."

Huyo ndiye Bakari. Fundi Bakari wa Mombasa, Mwislamu wa Majengo, kofia yake nyeupe hata matopeni, fundi wa kuunga kebo aliyejifunza kwa Wahindi akawapita. Sitawadanganya kwamba alikuwa mtu mwema. Alikuwa mbishi, mchoyo wa chai, na alidharau Kiswahili chetu. "Nyie watu wa bara," alikuwa akisema, "mwakipasua Kiswahili kama kuni." Siku ile alinitazama kutoka chini ya lile shimo, akaniuliza, "Wewe mikono yako hutoka jasho?"

Nikasema, "Nikichimba, ndiyo."

"Ukikaa tu, je?"

"Nikikaa, hapana."

"Haya, shuka. Ukitokwa na jasho humu, nakutoa."

Hivyo ndivyo nilivyoacha sururu. Ili mwelewe yaliyofuata, lazima niwaeleze kazi ilivyokuwa. Adui wa kebo ya karatasi ni maji. Si mafuriko tu. Jasho la kidole kimoja linatosha. Karatasi ikinywa unyevu, umeme unavuka kutoka waya hadi waya, na simu ya Bwana huyu inaingia kwa Bwana yule. Bakari alinikataza kushika karatasi kwa vidole vyenye unyevu, na alinikataza kuongea juu ya kebo iliyo wazi. "Hata pumzi yako ina maji," alisema, "na ya kwako wewe ina maji na sukuma wiki." Tulifanya kazi siku nzima kimya kama watu waliogombana, halafu kebo ikifungwa, maneno yote ya siku yanatoka mara moja.

Palikuwa na kipimo chake. Ukayeyusha nta kwenye sufuria ndogo, ukachuna kipande cha karatasi kwa koleo, si kwa vidole, ukakitumbukiza. Kama kimekauka, nta inatulia kama maziwa yaliyopoa. Kama kina maji, inatoa povu na kulia, chwaa, kama mandazi yakiingia mafutani. Nta haidanganyi na haiogopi mzungu. Nimekutana na mashine nyingi tangu hapo, zenye taa na sindano, sijaona iliyoniambia ukweli zaidi ya sufuria ile.

Nyaya zikishaungwa zote, mbili mbili kwa rangi zake, ndipo unaleta bomba la risasi kufunika kiungo, na hapo ndipo ufundi. Unayeyusha lehemu, unaimwaga, unaisugua mviringo kwa kitambaa kilichopakwa mafuta ya mnyama, kabla haijaganda, mpaka inakaa kama yai. Ukichelewa inakuwa mawe. Ukiwahi inadondoka mguuni, na mguu wangu wa kushoto una ushahidi. Mwisho fundi anachukua muhuri wake wa chuma, mdogo kama msumari, anaugonga kwenye risasi. Kila fundi na namba yake. Bakari alikuwa kumi na nne. Miaka hamsini baadaye mtu akifukua kiungo, atajua amlaumu nani au amsifu nani. Sisi wasaidizi hatukuwa na namba. Nilifunga viungo vidogo mbele yake, na kila mara aligonga kumi na nne yake, akaniambia, "Nimekukopesha jina langu. Usilichafue."

Miaka miwili ikaenda hivyo. Halafu ikaja habari ya mashine.

Mpaka wakati ule, Kileleshwa ukiinua simu, mjini kulikuwa na mwanamke mbele ya ubao wenye matundu. Taa ndogo inawaka, anakuuliza unamtaka nani, anachomeka kamba kwenye tundu. Sasa tukaambiwa idara ya simu inaleta kituo kipya kwa ajili ya mitaa ya magharibi, na humo hakuna mwanamke. Mtu mwenyewe atazungusha namba kwa kidole, na mashine itamtafuta anayetakiwa. Mimi sikulala. Najua mnacheka, nyinyi mnaobonyeza vitufe. Lakini hebu fikirini: mashine itajuaje? Kidole kiko Kileleshwa, mashine iko mjini, kati yao kuna nyaya mbili nilizoziunga kwa mkono wangu, na ndani yake hamna mtu.

Nilimuuliza Bakari. Akasema, "Mimi natengeneza njia. Apitaye si shughuli yangu."

Nilimuuliza Onesmo, karani wa stoo, mtu wa kwetu Maragoli, mwenye kalamu mbili mfukoni na Kiingereza cha kutosha kumtisha asiyejua. Akasema, "Zakayo, hayo ni mambo ya elimu." Onesmo kila kitu asichokijua kilikuwa mambo ya elimu.

Wa mwisho kumuuliza alikuwa Kulwant, Kalasinga aliyekuwa akiifunga mashine yenyewe. Huyo alifurahi. Alikuwa na ndevu zilizofungwa vizuri na mapenzi makubwa na mashine ile. "Wewe nataka ona?" aliniambia. "Mimi napenda mtu ya kuuliza. Lakini Bwana Pringle nakataa mtu yeyote ingia. Sema na yeye."

Pringle. Huyo ndiye wa kwanza katika orodha yangu ya kusemwa sawasawa. Alikuwa mkaguzi wetu, Mwingereza mwekundu aliyevaa soksi ndefu, na kwa siku ya kufungua kituo alikuwa ameshamwalika mkubwa kutoka serikalini. Jumamosi, saa tano asubuhi, hotuba, chai, na mkubwa azungushe namba ya kwanza. Ilibaki kiungo kimoja tu kikubwa, shimo la Chiromo, chini kule karibu na mto, ambako kebo yote ya Kileleshwa ilikutana na ya mjini. Nyaya mia nne. Bakari na mimi tulikianza Jumatatu.

Alhamisi asubuhi ikaja lori ikachukua hema letu. Hema la kufunika shimo! Pringle alilitaka litie kivuli viti vya wageni. Bakari aligombana na dereva, lakini dereva alikuwa na karatasi. Saa tisa mchana mvua ya masika ikaja kutoka upande wa Kabete bila hata kunguruma. Tulifunika kebo kwa ovaroli zetu, kwa gunia lililosalia, kwa migongo yetu. Wapi. Ilipokatika, Bakari alichuna karatasi kwa koleo, akaitia ndani ya nta.

Ikakaanga. Akachuna nyingine, mbali zaidi ndani. Ikakaanga. Akakaa juu ya ndoo, akafuta uso.

"Mpaka Jumatatu," akasema. "Tukate iliyolowa, tuikaushe kwa nta ya moto siku mbili, tuunge upya."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni siku kama siku nyingine."

Ijumaa asubuhi Pringle alikuja, akasimama juu ya shimo na mwamvuli. Nakumbuka maneno yote, maana nilikuwa chini nikimwaga nta.

"Bakari. Kwisha kazi?"

"Bado, bwana. Ina maji."

"Maji kidogo tu. Funga leo."

"Nikifunga na maji, bwana, itakufa."

"Mimi nasema funga."

"Na mimi nasema haifungiki."

Pringle akawa mwekundu zaidi ya alivyozaliwa. Aliondoka. Bakari akaniambia, "Mwagia nta. Usiache. Mimi naenda kuswali, nikirudi tutaikata." Kila Ijumaa alikwenda msikitini mjini adhuhuri, ruhusa hiyo alikuwa nayo tangu kale, na kila mtu wa idara alijua saa yake ya kuondoka na saa yake ya kurudi. Akaacha mkoba wake wa kazi, maana hakuna aliyewahi kuugusa.

Hakuwa amefika hata darajani, Pringle akarudi. Safari hii na Onesmo.

"Wewe Zakayo," Pringle akasema, "wewe najua kufunga?"

Onesmo akaniambia kwa Kimaragoli, upesi upesi, "Sema ndiyo, mjinga wewe. Mtu anakupa ufundi unamtazama?"

Nikasema, "Viungo vidogo, bwana. Hiki ni kikubwa. Na kina maji."

Pringle akachuchumaa. Hiyo sikuwahi kuiona, mzungu kuchuchumaa sawasawa na mimi. "Kulwant nasema wewe nataka sana ona mashine. Ndiyo? Funga hii leo. Kesho wewe ingia, kaa na Kulwant, ona yote."

Kama angenipa kitu kingine, labda ningekataa. Kama angenitisha, pia, maana vitisho tulivizoea. Lakini mtu huyu alijua tundu langu liko wapi, akachomeka kamba yake hapo hapo.

Nikafunga. Nilivuta bomba la risasi, nikawasha moto, nikayeyusha lehemu, nikaimwaga. Na Mungu anisamehe, mkono wangu haujawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Lehemu ilinitii. Ilizunguka chini ya kitambaa kama siagi, ikakaa, ikang'aa, hakuna doa. Nilisahau maji yaliyo ndani. Nilikuwa nafurahi! Onesmo alitia mkono kwenye mkoba wa Bakari, akatoa muhuri, akaninyooshea.

"Gonga," akasema.

"Hii si yangu."

"Wewe una yako? Kiungo bila namba hakiingii daftarini. Gonga tumalize."

Nikagonga. Kumi na nne.

Onesmo alimngojea Bakari pale darajani na karatasi ya kazi na mkoba wake, muhuri umesharudishwa ndani. Alimwambia kwamba Pringle amekubali kebo ingoje hadi Jumatatu, na kwamba simu za maduka ya jumla ya Ngara zimeharibika, aende huko mara moja. Jioni nilipita Ngara na baiskeli. Nilimwona Bakari amechuchumaa kwenye sanduku la nyaya, kofia yake nyeupe, mgongo kwangu. Sikupiga kengele.

Jumamosi nikaingia kwenye mashine. Nitawaambia nilichokiona, kwa sababu nilikilipia kwa kitu ambacho hakikuwa changu, na ingekuwa hasara mara mbili nisipowagawia.

Chumba kirefu, safu za vyuma kuanzia sakafu hadi dari, kila chuma kimejaa vidude vya shaba, vimenyamaza. Kulwant aliniweka nyuma ya safu na koti la kuazima. Nje, chini ya hema letu, mkubwa alimaliza hotuba. Kulwant akaninong'oneza, "Sasa tazama hii." Akanionyesha kidude kimoja: kijiti kimesimama kati ya ngazi ya vyuma vidogo vilivyopangwa kama nusu ya mtungi.

Mkubwa alizungusha tarakimu ya kwanza, tano. Kile kijiti kikapanda, tak tak tak tak tak. Ngazi tano. Kisha kikageuka upande, kikatafuta, kikasimama. Cha pili, safu nyingine, kikaamka. Tak tak. Hatua kwa hatua ile namba ilikuwa inatembea mbele yangu kwa miguu ya shaba. Ndipo nikaelewa, na nusura nipige kelele: mashine haijui kitu. Haisikii, haifikiri. Kila kidole kinapozungusha, umeme unakatika mara sawa na namba ile, na kijiti kinapanda mara hizo. Basi! Mtu ndiye anayejiongoza mwenyewe, ngazi kwa ngazi, gizani, hadi mlangoni kwa anayemtaka. Kwa mbali kengele ikalia, watu wakapiga makofi.

"Nani alifikiri jambo hili?" nikamuuliza Kulwant.

Akacheka ndani ya ndevu. "Mtu ya kuzika maiti. Amerika. Yeye naona biashara napungua. Nasema, huyu mwanamke ya simu napeleka wafiwa kwa mzikaji mwingine! Kwa hasira natengeneza hii, mwanamke aondoke."

Nimeifikiria habari hiyo miaka yote. Mtu aliyejaa shaka alitengeneza kitu kisicho na shaka hata kidogo.

Tulikuwa bado tunacheka, taa moja ikawaka kwenye safu ya Kileleshwa, kidude kikageuka, kikatafuta, kikatulia kikingoja namba. Namba haikuja. Ikawaka ya pili. Ya tatu. Halafu kumi kwa pamoja, vidude vikageuka trrr, trrr, vyote vikakaa vinangoja.

"Watu ya Kileleshwa napiga simu wote!" Kulwant akasema kwa furaha. Akachomeka simu yake ya kupimia asikilize. Furaha ikamtoka usoni. Akanipa mimi. Hakukuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na mkaango tu, chwaa, chwaa, mbali.

Nilijua mara ile. Maji niliyoyafungia yalikuwa yanatembea ndani ya karatasi, yanaunganisha nyaya. Na nyaya zikigusana, mashine inaona kama mtu ameinua simu. Kulwant alinieleza akikimbia huku na huku, hajui anamweleza nani: "Mwanamke ya zamani, mvua nanyesha, taa nawaka ovyo, yeye nasema, ah, kebo nalowa, naacha. Hii mashine naamini! Kila waya nasema 'mimi nataka', mashine nasema 'karibu', nampa kidude chake. Vidude naisha!" Na kweli viliisha. Robo saa haikupita, mtu mwenye simu nzima akiinua alikuta kimya. Mkubwa alijaribu kumpigia mkewe Kileleshwa, mbele ya wageni, mara tatu. Pringle alisimama nyuma yake na kikombe cha chai, na nilimwona kwenye dirisha akihesabu, si mikate. Alikuwa anahesabu ni nani wa kubebeshwa lawama.

Jumatatu walifukua Chiromo. Jumanne tuliitwa ofisini: Bakari, mimi, Pringle, na mzungu mwingine mkubwa zaidi, mtu mwembamba aliyesikiliza. Onesmo alitafsiri. Juu ya meza palikuwa na kiungo changu kimekatwa katikati kama muhogo, na maji yametengeneza duara juu ya karatasi za ofisi. Mtu anayepatikana na kosa kama lile alifukuzwa siku hiyo hiyo, na nyumba ya kazi aliihama kabla ya magharibi. Bakari alikuwa na mke na watoto watatu ndani ya nyumba ile.

Yule mwembamba akauliza, "Namba hii ni yako?"

"Namba ni yangu," Bakari akasema. "Mkono si wangu."

"Ni wa nani?"

Bakari akakiinua kiungo, akakizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Akakitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya lehemu. Alinifundisha kwa miaka miwili. Angeshindwa kunitambua vipi? Lakini hakunitazama. Akakirudisha mezani polepole.

"Aliyekifunga yupo humu," akasema. "Atajitaja mwenyewe."

Yule mwembamba akanigeukia mimi. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kujua kweli, hiyo lazima niseme. "Wewe ndiye msaidizi. Nani alifunga hiki?"

Onesmo akatafsiri, na katika kutafsiri akaongeza kwa Kimaragoli, kama sehemu ya swali, "Fikiri watu wako." Pringle alikuwa anajaza kiko. Niliona ukuta, niliona kalenda, niliona mguu wa meza.

"Sijui, bwana," nikasema. "Mimi nilikuwa juu, napasha nta."

Bakari akacheka kidogo, puani. "Basi," akasema. "Fundi amesema."

Nilimfuata hadi getini. Mvua ilikuwa inaanza. Nilimwita, "Mzee Bakari." Aligeuka. Nilitaka anitukane, alikuwa na matusi ya Mombasa yanayoweza kumenya ndizi.

"Umekifunga vizuri," akasema. "Mimi mwenyewe nisingekifunga vile. Ila umefunga na maji ndani."

Akaenda zake. Wiki iliyofuata Pringle alinipa muhuri wangu, thelathini na moja, nikawa fundi.

Waliobaki nitawamaliza upesi. Pringle alikwenda kwao uhuru ulipokaribia, na nasikia alifanyiwa karamu. Onesmo alipanda mpaka akawa na dirisha lake mwenyewe, baadaye akawa mzee wa kanisa, na alipokufa niliwasikia kwa masikio yangu wakisema hakuwahi kumdhulumu mtu. Nilikuwa benchi la tatu. Nilikohoa.

Bakari nilimtafuta, lakini kwa uvivu, kama mwenye kutafuta asichotaka kukipata. Miaka mingi baadaye, nilipopelekwa Mombasa kwa kazi ya kebo nilikwenda Majengo. Nilionyeshwa kibanda ambamo alikuwa akitengeneza majiko ya mafuta ya taa. Alikuwa ameshakufa. Mwanawe wa kiume, mtu mzima, alinipa kiti na kahawa. Nikajitambulisha: Zakayo, wa Nairobi, tulifanya kazi pamoja na marehemu. Akafikiri kwa adabu.

"Samahani mzee," akasema. "Baba hakuwahi kukutaja."

"Hata mara moja?"

"Alisimulia sana kazi za Nairobi. Nta, risasi, mvua. Lakini msaidizi, hapana. Nilidhani alifanya peke yake."

Nilikunywa kahawa ile yote. Sikumwambia. Nina hakika mnajua sasa kwamba kutosema ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu zaidi katika idara hii.

Siku yangu ya mwisho nilishuka stoo ya chini nikaomba daftari la zamani la viungo. Binti karani alilitoa, akafuta vumbi kwa kanga, akanifungulia ukurasa. Chiromo ilikuwapo, kwa mwandiko mzuri wa Onesmo: kiungo kikuu, nyaya mia nne, fundi namba 14, kimeharibika kwa uzembe wa fundi. Nikatoa kalamu.

"La, mzee," akasema, na akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. "Daftari la zamani haliandikwi tena. Ni sheria."

"Na likiwa na uongo?"

"Hata hivyo, mzee. Andika barua, tutaiambatisha."

Basi hii ndiyo barua, binti yangu, na wewe Mutiso uliyeuliza tuliziunga vipi. Iambatisheni ukurasa ule. Kiungo kikuu cha Chiromo, nyaya mia nne, kilifungwa Ijumaa adhuhuri na Zakayo, msaidizi asiye na namba, fundi wake akiwa msikitini. Nta ilikuwa imekwisha kusema. Aliyefunga aliisikia.